Kuanzia Chini ya Sifuri: Eddie Howe, Bournemouth na Timu Yetu ya Nyumbani

Mada iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, kabla ya harambee ya mfuko wa michezo

 

Kamati imenipa nafasi nizungumze kuhusu timu yetu ya mpira kabla hatujaanza kuchangia. Nimeipokea nafasi hii kwa moyo, kwa sababu nimefundisha mpira wa shule kwa miaka mingi, na kwa sababu jambo lililo mezani leo lina pande mbili na pande zote mbili zina ndugu zetu wenye nia njema.

Hali mnaijua. Timu yetu imeshuka kutoka ligi ya mkoa hadi ligi ya wilaya. Uwanja una mteremko, na mvua ikinyesha goli moja linageuka bwawa. Kijana akionyesha kipaji kidogo, watu wa mashindano ya ndondo mjini wanakuja kumchukua kwa nauli na jozi ya viatu. Mbele yetu kuna mapendekezo mawili. La kwanza linasema fedha za leo zikasajili wachezaji walioiva kutoka mjini, tupande msimu mmoja, heshima irudi. La pili linasema tuajiri kocha mwenye cheti, tusawazishe uwanja, tuanzishe timu ya vijana, na tuvumilie.

Mimi ni wa pendekezo la pili, na sitaficha. Lakini badala ya kubishana kwa maneno matupu, nataka niwasimulie habari za klabu moja ya Uingereza iliyokuwa na hali mbaya kuliko yetu, na kocha aliyeiinua. Jina la kocha huyo vijana wote hapa wanalijua. Ni Eddie Howe, ambaye mwezi Machi 2025 aliipa Newcastle United Kombe la Ligi kwa kuifunga Liverpool 2-1 pale Wembley. Lilikuwa taji kubwa la kwanza la nyumbani kwa Newcastle tangu mwaka 1955. Wengi tulimwona siku hiyo akiwa na medali. Mimi nataka tumwone miaka 16 kabla, akiwa hana hela ya kununua hata beki mmoja.

Klabu iliyozoea kupitisha ndoo

Bournemouth ni mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, mji wa likizo na wastaafu. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1899, na kwa zaidi ya miaka mia moja haikuwahi kufika daraja la juu kabisa. Uwanja wake, Dean Court, umekuwa ukichukua watu elfu 11 na ushei tu. Kwa Uingereza huo ni uwanja mdogo mno.

Mwaka 1997 klabu hiyo ilifilisika. Madeni yalikuwa yamewazidi, na ikabaki siku chache ifungwe. Mwezi Januari mashabiki waliitana katika ukumbi wa mji, uliokuwa ukiitwa Winter Gardens. Watu walijaa, ndoo zikapitishwa, na usiku ule zikapatikana zaidi ya pauni 30,000. Fedha hiyo haikumaliza deni, lakini ilinunua muda, na ndani ya muda huo mashabiki wakaunda mfuko wa kuichukua klabu na kuiendesha.

Nimeanza na ndoo hizo kwa makusudi. Sisi tunafikiri harambee ni mambo yetu ya huku, na kwamba mpira wa Ulaya unaendeshwa na matajiri tangu mwanzo hadi mwisho. Bournemouth isingekuwapo leo kama watu wa kawaida, waalimu na mafundi na wastaafu, wasingetia noti zao kwenye ndoo.

Tena walifanya hivyo zaidi ya mara moja. Eddie Howe alikulia mitaa hiyo na kuichezea klabu hiyo akiwa beki tangu kijana. Mwaka 2002 akauzwa Portsmouth. Huko aliumia goti, akacheza mechi mbili tu za ligi. Mwaka 2004 Bournemouth walimtaka arudi, lakini klabu haikuwa na fedha ya kumlipia. Mashabiki wakachanga tena. Mchango wao wakauita Eddieshare, na kwa siku chache zikapatikana pauni 21,000, kijana akarudi nyumbani. Goti halikupona sawasawa. Mwaka 2007 akalazimika kuacha kucheza, hajatimiza hata miaka 30.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wale watu walimtunza mchezaji mwenye goti bovu. Hakuna aliyejua kwamba walikuwa wanamtunza kocha.

Pointi 17 za kulipa kabla ya mpira kuanza

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa harambee lazima tulisikilize vizuri. Klabu iliyookolewa na ndoo mwaka 1997 ilirudi kwenye shimo lilelile. Mwezi Februari 2008 Bournemouth iliwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi kwa mara nyingine. Kwa kosa hilo ikapokwa pointi 10, na msimu ulipokwisha ikashuka hadi daraja la nne.

Kwa wasiofahamu, Uingereza ina ngazi nne za ligi zenye klabu 92. Ya juu ni Ligi Kuu, na ya chini kabisa inaitwa League Two. Ukishuka kutoka hapo unatoka kwenye familia ya ligi. Mapato yanapungua, wafadhili wanaondoka, na klabu nyingi zilizotumbukia huko zimechukua miaka mingi kurudi.

Msimu wa 2008/09 ulipofika, viongozi wa ligi waliona kwamba Bournemouth haijamaliza mambo yake ya madeni kwa utaratibu unaotakiwa. Wakaipa adhabu ya kuanza na pointi 17 pungufu. Fikirini. Timu haijapiga hata mpira mmoja, iko chini ya sifuri. Inatakiwa ishinde mechi tano na kutoka sare mbili ndipo ifikie pale wenzake walipoanzia. Rotherham nao walipewa adhabu kama hiyo, na Luton Town wakapewa pointi 30 pungufu.

Kwa nini walirudi shimoni? Kwa sababu fedha ya ndoo iliziba tundu la siku ile, lakini tabia ya kutumia kuliko kipato haikuzibwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwenye mpira ukuta huo unajengwa na wachezaji ambao hawakuwa na hatia yoyote, kwa jasho lao, wakilipa pointi 17 ambazo hawakuzipoteza wao.

Kijana anakabidhiwa timu

Msimu huo makocha wawili waliondoka kabla ya mwaka kwisha. Tarehe 31 Desemba 2008 timu ilikuwa ya 91 kati ya klabu 92. Wakamkabidhi Howe, aliyekuwa akifundisha vijana wa klabu. Alikuwa na umri wa miaka 31, kocha mdogo kuliko wote katika ligi hizo. Mishahara ilikuwa ikichelewa na fedha ya usajili haikuwapo. Mechi mbili za kwanza alipoteza zote mbili, ugenini, kwa Darlington na Rotherham.

Naomba tusimame hapo kidogo. Ingekuwa kwetu, baada ya mechi ya pili simu zingekuwa zimeshapigwa. Kikundi cha mtandao wa simu kingewaka moto usiku kucha. Angetafutwa kocha wa tatu na wa nne. Viongozi wa Bournemouth wakafanya kinyume: wakampa kazi ya kudumu.

Alifanya nini? Hakuleta muujiza, na hiyo ndiyo sehemu inayotufaa.

Kwanza, alijua anahitaji mtu mzima ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Akamrudisha Steve Fletcher, mshambuliaji mrefu aliyeichezea klabu hiyo miaka mingi kisha akaachwa aende. Fletcher alikuwa na miaka 36 na alikuwa anacheza Crawley, nje ya ligi. Hakurudishwa kwa ajili ya mbio. Alirudishwa kwa sababu vijana wangemsikiliza, na kwa sababu alikuwa anaipenda klabu ile kwa dhati.

Pili, alimweka pembeni yake Jason Tindall, beki mwenzake wa zamani, mtu anayemjua na kumwamini. Wawili hao baadaye walifanya kazi pamoja hata huko Newcastle. Kocha akiwa peke yake anachoka, na akichoka anakuwa mkali bila sababu. Akiwa na msaidizi wa kumwambia ukweli, anadumu.

Tatu, alisimamia mazoezi. Howe anajulikana kwa watu wote waliofanya naye kazi kwamba anawahi kufika, anachelewa kuondoka, na kila zoezi ameliandaa. Kwa timu ya mkiani jambo hili lina maana kubwa. Mchezaji ambaye mshahara wake umechelewa anaangalia kama wakubwa wake wamekata tamaa. Akikuta koni zimepangwa uwanjani kabla hajafunga kamba za viatu, anajua kwamba kuna mtu bado anaamini.

Polepole timu ikaanza kukusanya pointi. Tarehe 25 Aprili 2009 ikawa mechi ya mwisho ya nyumbani, dhidi ya Grimsby Town. Wakishinda, wamepona. Matokeo yalikuwa 1-1 mpaka dakika ya 80 hivi, ndipo mpira ukamwangukia yuleyule mzee, Steve Fletcher, akafunga. Bournemouth 2, Grimsby 1. Wiki iliyofuata wakaenda Morecambe na kushinda 4-0.

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: mechi 46, ushindi 17, sare 12, kufungwa 17. Pointi 63. Toa 17 za adhabu, zinabaki 46, nafasi ya 21 kati ya 24. Bila adhabu ile wangekuwa timu ya katikati ya jedwali ambayo hakuna mtu angeikumbuka. Kwa adhabu ile, wale vijana walifanya kazi ya maisha yao. Leo jukwaa moja la uwanja linaitwa kwa jina la Steve Fletcher.

Aliwakuta, hakuwanunua

Ndugu zangu wa pendekezo la kwanza, sehemu hii ni yenu.

Msimu uliofuata, 2009/10, Bournemouth walikuwa wamefungiwa usajili kwa sababu ya madeni. Kikosi kilikuwa kidogo, majeruhi wawili watatu wakitosha kumaliza benchi. Na bado walimaliza nafasi ya pili kwa pointi 83, wakapanda daraja. Mshambuliaji Brett Pitman, aliyekulia katika klabu hiyohiyo, alifunga mabao 26 ya ligi. Kocha alikuwa na wachezaji walewale, lakini hakuwaacha kuwa walewale.

Mwezi Januari 2011 Howe aliondoka kwenda Burnley, klabu kubwa zaidi. Huko alikaa mwaka mmoja na miezi tisa bila mafanikio makubwa, kisha kwa sababu za kifamilia akaomba kurudi. Mwezi Oktoba 2012 aliikuta Bournemouth nafasi ya 21 katika daraja la tatu. Msimu ulipokwisha ilikuwa ya pili, imepanda tena.

Sasa tazameni orodha. Simon Francis alitoka Charlton, Charlie Daniels alitoka Leyton Orient, Steve Cook na Tommy Elphick walitoka Brighton. Mabeki hao wanne Howe aliwakuta tayari klabuni, wamesajiliwa na makocha waliomtangulia. Hawakuwa nyota. Walikuwa mabeki wa madaraja ya chini ambao hakuna aliyekuwa akigombania saini zao. Harry Arter yeye alimchukua mwenyewe mwaka 2010 kutoka Woking, timu iliyokuwa nje kabisa ya ligi. Marc Pugh alitoka Hereford. Miaka michache baadaye watu hao hao walikuwa wanacheza Ligi Kuu, wakikabana na wachezaji wa Manchester United na Chelsea.

Walifikaje? Aliwafundisha kucheza mpira wa chini, kuanzia kwa kipa, pasi fupi, kila mtu akijua mwenzake atakuwa wapi. Katika madaraja ya chini ya Uingereza mpira wa kubutua mbele ulikuwa ndio desturi, hivyo wapinzani walisumbuka. Lakini mpira wa namna hiyo haufundishiki kwa wiki mbili. Unataka watu walewale, mazoezi yaleyale, kocha yuleyule, miaka miwili mitatu. Ukibadilisha kikosi kila msimu kwa wachezaji wa kukodi, kila mwaka unaanza darasa la kwanza.

Msimu wa 2014/15, wakiwa daraja la pili, walifunga mabao 98. Waliifunga Birmingham 8-0, tena kwao. Walimaliza wa kwanza kwa pointi 90, moja zaidi ya Watford, na kwa mara ya kwanza katika miaka 116 Bournemouth ikaingia Ligi Kuu. Ilikaa huko misimu mitano.

Na fedha je?

Ningekuwa nawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa kama ningesema fedha haikuhusika. Ilihusika. Kuanzia mwaka 2011 tajiri wa Kirusi, Maxim Demin, alinunua hisa na baadaye klabu yote, akamwaga mamilioni. Mshambuliaji Callum Wilson, aliyefunga mabao 20 ya ligi msimu ule wa kupanda, alinunuliwa kutoka Coventry. Klabu ilitumia sana hata ikavunja kanuni za matumizi za ligi, na mwaka 2018 ikakubali kulipa faini ya pauni milioni 4.75. Mwaka 2020, baada ya fedha nyingi kwenda kwa wachezaji ambao hawakufaa, Bournemouth ikashuka, na Howe akaondoka.

Kwa hiyo sisemi kwamba kocha mzuri anatosha peke yake. Ninasema tutazame mpangilio wa matukio. Timu iliokolewa 2009 bila tajiri. Ilipanda 2010 bila tajiri, tena imefungiwa usajili. Tajiri alipokuja, alikuta nyumba ina msingi: wachezaji wanaojua kucheza, mashabiki walioumia kwa ajili ya klabu, na watu wanaojua kufanya kazi. Na mwishoni, fedha ilipoanza kutumika vibaya, hata msingi ule haukuizuia timu kushuka.

Kuna wengine wa msimu uleule wa 2008/09 wa kujifunza kwao. Chester City hawakuwa na adhabu yoyote ya pointi, lakini walishuka, kisha mwaka 2010 klabu ikafutwa kabisa. Mashabiki wakaanzisha klabu mpya, Chester FC, inayomilikiwa na wao wenyewe. Luton, wale wa pointi 30, walishuka nje ya ligi na kukaa huko miaka mitano. Wakajenga upya kidogokidogo, na mwaka 2023 wakafika Ligi Kuu. Kisha wakashuka mara mbili mfululizo. Kupanda hakumalizi kazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwenye mpira maji hayo huonekana mapema sana.

Hata huku kwetu yapo

Najua kuna anayesema kimoyomoyo, hayo ni ya Ulaya. Basi tuje hapa hapa. Ruangwa mkoani Lindi si jiji. Timu yao ya Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mbeya City walipanda mwaka 2013, na msimu wao wa kwanza tu wakamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, chini ya kocha Juma Mwambusi. Baadaye walishuka, wakajipanga, wakarudi. Mji wa pembeni unaweza, lakini timu yake lazima iwe na mwenyewe, iwe na mahali pa kuchezea, na iwe na mtu wa kuifundisha kila siku.

Nayaomba mambo manne

Mwenyekiti, nimesimulia ya watu, sasa nirudi kwetu. Naomba mkutano huu uafiki mambo manne kabla kadi za ahadi hazijapita.

Jambo la kwanza ni kocha. Tumwajiri kocha mmoja mwenye cheti, kwa miaka mitatu, na tumlipe kila mwezi bila kuruka. Ikiwezekana awe mtoto wa nyumbani. Wapo waliocheza, wakaumia au wakazeeka kwa mpira, sasa wamekaa tu vibarazani. Si lazima awe ndiye aliyekuwa nyota. Howe mwenyewe goti lilimwangusha kabla hajafika popote. Tutafute mwenye kujali na mwenye kukubali kujifunza. Howe alipoondoka Bournemouth, mtu aliyekwisha kufundisha Ligi Kuu misimu mitano, alikwenda Hispania kutazama Diego Simeone anavyofundisha Atlético Madrid. Kocha wetu naye tumpeleke kozi, na gharama iwe juu ya chama. Na akipoteza mechi mbili za mwanzo, jamani, tumwache afanye kazi.

Jambo la pili ni uwanja. Pasi fupi haziwezekani kwenye mteremko na mashimo. Greda ikija mara moja na vijana wakapanda nyasi wenyewe, watoto wa shule zetu zote watafaidika, wa kike na wa kiume. Mchezaji wa kukodi akiondoka anaondoka na miguu yake. Uwanja haupandi basi.

Jambo la tatu ni vijana. Timu ya chini ya miaka 17 iwe na mazoezi siku zinazojulikana, na mzee mmoja wa kumrithisha kijana adabu ya mchezo. Tumwite nyumbani Fletcher wetu. Kila mtu hapa anamjua wa kwao: yule mshambuliaji au kipa wa zamani ambaye akiingia uwanjani hata leo watoto wananyamaza. Hahitaji mshahara mkubwa. Anahitaji kuitwa.

Jambo la nne, na ndilo gumu, ni hesabu. Bournemouth ya 1997 iliokolewa na watu, ikaangushwa tena 2008 na vitabu vya hesabu. Sisi pia tuna historia ya kuchangia kwa furaha na kutoulizana baadaye, kwa kuona haya. Naomba fedha ya mfuko huu ikae kwenye akaunti yake peke yake, watia saini wawe watatu, na kila baada ya miezi mitatu mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na kutumwa kwenye simu ya kila mchangiaji. Aliyetoa elfu tano asome karatasi ileile anayosoma aliyetoa milioni. Tusitumie shilingi ambayo haijaingia. Kama mwaka huu zitatosha kocha na greda tu, basi iwe kocha na greda, na jezi mpya zisubiri.

Kwa ndugu zangu wanaotaka tupande msimu huu huu, nauheshimu uchungu wenu. Nimekaa nanyi kwenye mabenchi yale, na nimewasikia watani wa kata ya jirani wanavyotuimba. Lakini tukisajili kumi na mmoja wa mjini na tukapanda, mwaka ujao tutawahitaji tena kwa bei ya juu zaidi, na vijana wetu watakuwa wamekaa nje ya kamba wakitazama. Tukishindwa kuwalipa, hatutabaki na timu wala fedha. Njia hii nyingine haina uhakika pia, sitawadanganya. Makocha wengi wazuri wameshindwa, na Howe huyuhuyu kule Burnley hakung'ara. Tofauti ni kwamba hata tukichelewa kupanda, tutakuwa na uwanja uliosawazishwa, kocha aliyesoma, na vijana wanaoshinda mazoezini badala ya kushinda vijiweni. Hivyo havishuki daraja.

Timu yetu haina pointi 17 za kulipa. Tunaanza na sifuri, kama wenzetu wote wa ligi ya wilaya, na ligi inafunguliwa baada ya mavuno. Wahazini wako pale mezani upande wa kulia, kadi za ahadi wanazo, na walio mbali namba ya mfuko itatangazwa na Katibu. Kila atakayetoa adai risiti yake, hata kama anayeipokea ni mjomba wake.